Mtu wa Kati Hafutiki kwa Amri

Katika mijadala ya biashara ya mazao Afrika Mashariki, hakuna kauli inayotolewa kwa urahisi na kupokewa kwa makofi kama ile isemayo kwamba umaskini wa mkulima unatokana na watu wa kati. Kauli hiyo husikika bungeni wakati wa bajeti ya kilimo, husikika katika mikutano ya hadhara msimu wa mavuno unapokaribia, na siku hizi husikika pia kwa vijana wa kampuni za teknolojia wanaoahidi kumuunganisha mkulima na mlaji moja kwa moja kwa njia ya simu. Hoja yenyewe ni fupi na inavutia: mkulima wa Ilula, mkoani Iringa, anauza tenga la nyanya kwa bei ndogo, mlaji wa Dar es Salaam ananunua nyanya zilezile kwa bei kubwa, na katikati yao wamesimama watu ambao hawakulima wala hawakupalilia, lakini ndio wanaoondoka na tofauti ya bei hizo mbili. Hitimisho linalofuata ni kwamba watu hao wakiondolewa, tofauti hiyo itamrudia mkulima, au itampunguzia mlaji, au wawili hao watagawana.

Makala haya yanalipinga hitimisho hilo. Yanashikilia kwamba linatokana na kutoelewa mnyororo wa ugavi ni kitu gani, na kwamba kutoelewa huko kumekwisha kuwagharimu wakulima wenyewe, katika nyakati tofauti na chini ya serikali tofauti. Kazi anayoifanya mtu wa kati haitoweki anapoondolewa mwenye kuifanya. Inabaki palepale ikimsubiri mwingine, na gharama yake huendelea kulipwa na mtu fulani, ambaye mara nyingi huwa ni yule yule mkulima aliyekusudiwa kuokolewa. Swali linalompasa mtunga sera ni nani awezaye kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi na kwa uadilifu mkubwa zaidi, na swali hilo halijibiwi kwa amri.

Istilahi ya mnyororo wa ugavi ilianza kuenea katika taaluma ya biashara kuanzia mwaka 1982, pale mshauri wa menejimenti Keith Oliver, wa kampuni ya Booz Allen Hamilton, alipoitumia kueleza haja ya kampuni kusimamia kwa pamoja ununuzi, uzalishaji, uhifadhi na usambazaji, badala ya kuziacha shughuli hizo mikononi mwa idara zisizosemezana. Maana yake ni mfululizo wote wa kazi zinazokifikisha kitu kwa mtumiaji wa mwisho tangu kingali malighafi, pamoja na mitiririko mitatu inayopita humo: bidhaa, ambazo hutoka kwa mzalishaji kwenda kwa mlaji, fedha, ambazo hutoka kwa mlaji na kurudi kwa mzalishaji, na taarifa, ambazo hupita pande zote mbili, zikieleza ni kiasi gani kinachotakiwa, wapi, lini na cha ubora gani. Anayeuona mnyororo huo kuwa ni barabara na malori tu ameuona mtiririko mmoja kati ya mitatu, na kwa sababu hiyo ni rahisi kwake kudhani kwamba mwenye lori ndiye pekee aliyefanya kazi, na kwamba wengine wote wamekula jasho la watu.

Mnyororo wa nyanya za Ilula unaonyesha yaliyofichika katika mitiririko miwili iliyosahauliwa. Mkulima mwenye robo ekari huvuna matenga machache kwa siku, na lori halijai kwa matenga machache. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuzunguka mashambani, kupatana bei na wakulima wengi, na kukusanya mzigo wa kutosha lori moja kabla nyanya za kwanza hazijaanza kulainika. Mtu huyo, au mwingine aliye nyuma yake, hulipa fedha taslimu siku hiyo hiyo, ingawa yeye mwenyewe atalipwa baada ya mzigo kuuzwa mjini; maana yake ni kwamba amemkopesha mnyororo mzima mtaji wake. Lazima pia nyanya zichaguliwe, mbivu zitengwe na zile zinazoanza kuiva, zifungashwe kwa namna ya kustahimili safari, na zipelekwe katika soko ambalo siku hiyo halijafurika mzigo kutoka mikoa mingine. Likiharibika gari njiani, au bei ikianguka usiku wa safari, hasara ni ya aliyenunua, kwa kuwa mkulima amekwisha kulipwa. Kubeba hatari kwa niaba ya mwingine ni huduma, na popote duniani huduma hiyo ina bei, iwe imeandikwa katika hati ya bima au imefichwa ndani ya bei ya tenga.

Mzigo ukifika sokoni hukutana na dalali, ambaye kazi yake ni tofauti na ya mfanyabiashara aliyetangulia. Dalali hanunui mali. Huiuza mali ya mwenzake kwa ujira unaoitwa udalali, akitumia kitu ambacho mgeni aliyefika na lori alfajiri hana, yaani ujuzi wa watu. Anajua mchuuzi gani hulipa na yupi hukimbia deni, anajua mama lishe wanahitaji nyanya za daraja gani na kiasi gani, na ndiye anayewezesha mali kauli, ule utaratibu wa mchuuzi kuchukua mzigo asubuhi kwa neno lake na kulipa jioni baada ya kuuza. Bila ya mtu anayemfahamu mchuuzi na kubeba lawama asipolipa, mali hiyo isingetoka isipokuwa kwa fedha taslimu, na wachuuzi wasio na mtaji, ambao ndio wengi na ndio wanaozifikisha nyanya hadi uchochoroni, wasingekuwapo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa tabia za watu methali hiyo inaweza kuwa kweli. Lakini nyanya njema haijiuzi, na ikiachwa ijiuze yenyewe itaoza siku ya nne ikiwa bado shambani.

Hoja ya tofauti ya bei, ambayo ndiyo nguzo ya wanaowalaani watu wa kati, haistahimili hesabu. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba mfanyabiashara amenunua matenga 100 kwa shilingi 20,000 kila moja na kuyauza mjini kwa shilingi 40,000, yaani mara mbili ya bei ya shambani. Ununuzi umemgharimu shilingi 2,000,000. Usafiri ukiwa 600,000, matenga na ufungashaji 200,000, ushuru na malipo ya wapakiaji na wapakuaji 200,000, jumla ya gharama zake inakuwa shilingi 3,000,000. Matenga 20 yakipondeka au kuoza, atauza 80 na kupata shilingi 3,200,000. Bei imeongezeka maradufu, lakini faida yake ni shilingi 200,000, ambayo ni sehemu moja ya kumi na tano ya fedha alizoziweka hatarini. Na lau matenga sita zaidi yangeoza, asingebaki na faida bali hasara. Anayetazama bei mbili tu, ya mwanzo na ya mwisho, anaiita tofauti yote wizi, ilhali sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mafuta ya gari, mbao za tenga, ushuru na nyanya zilizotupwa jalalani. Kumfukuza mfanyabiashara hakupunguzi hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Wanauchumi wamelieleza jambo hili kwa muda mrefu. Ronald Coase alionyesha mwaka 1937 kwamba kulitumia soko kwenyewe kuna gharama, kwa kuwa kumtafuta wa kuuziana naye, kupatana, na kuhakikisha ahadi inatekelezwa ni kazi zinazotumia muda na fedha. Alionyesha pia kwamba kampuni hufanya jambo yenyewe au kumwachia mwingine kulingana na njia ipi ina gharama ndogo. Peter Bauer, katika kitabu chake kuhusu biashara ya Afrika Magharibi kilichotolewa mwaka 1954, aliijibu moja kwa moja dhana ya watawala wa kikoloni waliodai kwamba wafanyabiashara wadogo wa kati walikuwa wengi mno na hawana faida. Hoja yake ilikuwa kwamba penye mtaji haba na nguvu kazi nyingi, mlolongo mrefu wa watu wanaonunua kidogo kidogo na kuuza kidogo kidogo ni njia ya kutumia kilicho kingi ili kuokoa kilicho adimu, na kwamba lau wangekuwa hawana kazi, wateja wao wangewaruka wenyewe bila kusubiri sheria. Hoja hiyo ya mwisho haijapata jibu mpaka leo: mkulima wa Ilula hazuiwi na mtu kukodi gari na kupeleka nyanya zake Dar es Salaam, na asipofanya hivyo ni kwa sababu amekwisha kupiga hesabu.

Historia ya kanda hii imetoa ushahidi mzito kuliko nadharia. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini, na maduka yao yakagawiwa maofisa wa jeshi na watu wenye kujuana na watawala, waliokuja kuitwa mafutamingi. Majengo yalibaki, rafu zilibaki, hata bidhaa zilizokuwa ghalani zilibaki na kuuzwa kwa wiki chache. Kilichoondoka ni mikopo ya wauzaji wa jumla, barua za kuagizia mali, kumbukumbu za nani anadaiwa nini, na maarifa ya lini sukari iagizwe ili isiishe. Uganda, nchi iliyokuwa na viwanda vyake yenyewe vya sukari, ikaingia katika miaka ya uhaba wa sukari, sabuni na chumvi, na biashara ya magendo ikawa ndiyo biashara. Udhalimu waliotendewa watu waliofukuzwa unatosha peke yake kulaaniwa. Lakini hata aliyeangalia duka tu, bila kumwangalia mwenye duka, alipaswa kujifunza kwamba alichonyang'anya ni jengo, na mnyororo wenyewe ulikuwa umekatika.

Tanzania ilipita njia yake yenyewe kuelekea mahali panapofanana. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zao za kununua mazao zikakabidhiwa mamlaka za mazao za serikali. Mwaka huo huo Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika ya vijiji. Mwaka 1983, bidhaa zilipokuwa zimeadimika, serikali iliendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, chini ya usimamizi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, na watu wengi walikamatwa kwa kukutwa na shehena za sabuni, khanga na sukari. Rafu za maduka hazikujaa kwa sababu ya kamata kamata hiyo. Bidhaa zilianza kurudi baada ya bajeti ya mwaka 1984, waliporuhusiwa watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza mali na kuziuza, yaani ilipokubaliwa kwamba kazi ya kuleta mali inahitaji watu wa kuifanya. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1982 nayo ilikuwa imevirudisha vyama vilivyovunjwa miaka sita kabla, na kurudi huko kulikuwa kukiri kwamba chombo kilichofutwa kwa siku moja kilikuwa na kazi ambayo wizara haikuweza kuifanya.

Zao la korosho linaonyesha gharama ya makosa hayo kwa takwimu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 145,000, na kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Itakuwa si haki kuutwisha mfumo wa ununuzi anguko lote hilo, kwa kuwa kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa kuliwatenga wakulima na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiri unga uliishambulia miti iliyobaki. Lakini mkulima anayelipwa bei ndogo, na tena kwa kuchelewa, na mnunuzi mmoja ambaye hana mshindani, hana sababu ya kwenda kuufyekea mkorosho ulio mbali wala kununua salfa ya kuukinga.

Zao hilo hilo lilirudiwa na jaribio hilo hilo katika msimu wa 2018/19. Msimu uliotangulia ulikuwa wa neema, uzalishaji ukipita tani 300,000 na bei ya mnadani ikifika shilingi 4,000 kwa kilo. Mwezi Oktoba 2018, wanunuzi walipotoa bei zilizo chini ya shilingi 3,000, wakulima wa Mtwara na Lindi walizikataa. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likapewa kazi ya kuzisomba. Bei hiyo ilikuwa juu ya ile ya wanunuzi, na hakuna sababu ya kutilia shaka kwamba nia ilikuwa kumlinda mkulima. Serikali ilikuwa na magari, ilikuwa na maghala, ilikuwa na watu wenye nidhamu wa kupakia na kulinda, na kwa mtu anayedhani mnyororo wa ugavi ni usombaji, hakukuwa na kilichopungua.

Vilivyopungua vilikuwa vile visivyoonekana. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa ghafi kwa wabanguaji wa India na Vietnam, na wanunuzi waliokuwa wamesukumwa kando ndio waliokuwa na mikataba na wabanguaji hao, na mikopo ya benki iliyotegemea mikataba hiyo. Mkataba uliosainiwa Januari 2019 na kampuni moja ya Kenya, wa kununua tani 100,000, haukuzaa kitu. Malipo kwa wakulima yalicheleweshwa na uhakiki wa mashamba, uliokusudiwa kuwanasa waliokusanya korosho za wengine, kwa sababu mlipaji mpya hakuwafahamu wauzaji wake kama wanavyofahamiana watu waliofanya biashara pamoja kwa miaka. Na wapo waliosubiri fedha zao hadi msimu mwingine wa kuhudumia mikorosho ulipowakuta mikono mitupu. Korosho zenyewe zilikaa ghalani kwa miezi, ilhali zao hilo hupoteza ubora kadiri linavyokaa na kupata unyevu. Katika msimu uliofuata minada ilirejea, na wanunuzi binafsi wakarejea pamoja nayo. Kwa msimu mmoja serikali ilikuwa mtu wa kati, na ilitambua kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana na anayeilaani.

Mwelekeo huo huo umeonekana hata pale ambapo hapakuwa na jeshi wala amri ya kuwafukuza wanunuzi, bali bei tu iliyowekwa kwa maandishi. Mwezi Julai 2021 chai ya wakulima wadogo wa Kenya iliwekewa bei ya kima cha chini, dola 2.43 kwa kilo, katika mnada wa Mombasa, kwa hoja kwamba wanunuzi na mawakala walikuwa wakiikandamiza. Chai iliyokuwa na ubora wa kustahili bei hiyo iliendelea kununuliwa. Isiyostahili ilirundikana ghalani, ikizeeka na kupoteza thamani, hadi bei hiyo ilipoondolewa mwaka 2024. Taarifa kuhusu soko la dunia, ambayo mnunuzi huileta kwa kukubali au kukataa bei, haikubadilika kwa sababu ya agizo. Ilizuiliwa tu isimfikie mkulima mapema.

Wapo watakaosema kwamba simu imeleta njia mpya, na kwamba programu ya kompyuta inaweza kufanya kwa gharama ndogo kile kilichofanywa na dalali. Sehemu ya hoja hii ni kweli na inastahili heshima. Utafiti wa Robert Jensen uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wavuvi wa Kerala, nchini India, ulionyesha kwamba simu za mkononi zilipofika pwani hiyo, wavuvi walianza kuuliza bei wakiwa bado baharini na kutia nanga penye upungufu, na matokeo yake tofauti za bei kati ya masoko zilipungua, samaki waliokuwa wakitupwa wakapata wanunuzi, wavuvi wakapata faida zaidi na walaji wakalipa pungufu. Lakini simu ilirahisisha mtiririko wa taarifa peke yake. Haikumbeba samaki wala haikumkopesha mchuuzi. Kampuni ya Twiga Foods, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2014 kwa lengo la kuzifikisha ndizi za wakulima kwa wachuuzi wa Nairobi bila mlolongo wa watu wa kati, ililazimika kujenga maghala, kuendesha magari, kukusanya madeni na kuajiri watu wengi, na mwaka 2023 ikapunguza mamia ya wafanyakazi hao. Haikuwa imewaondoa watu wa kati. Ilikuwa imekuwa mmoja wao, na ikakutana na gharama zilezile ambazo wao hukutana nazo kila siku.

Hakuna lolote katika hoja hizi linalowatakasa watu wa kati wote. Lumbesa, yaani gunia linaloshonewa kilemba hadi kupita kipimo halali huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja, ni wizi, na uitwe hivyo. Mizani iliyochezewa ni wizi. Wanunuzi wanaokutana usiku na kukubaliana wasipandishiane bei mnadani wanamwibia mkulima kwa hakika kuliko mwizi wa shambani, kwa kuwa wanaiba mavuno ya wilaya nzima kwa mara moja. Hata hivyo, maovu hayo hayatokani na kuwapo kwa watu wa kati; yanatokana na uchache wao. Lumbesa hustawi mahali ambapo lori moja tu ndilo linalofika, kwa sababu mkulima anayekataa kilemba hana wa kumuuzia kesho. Kila kampeni ya kuwasaka walanguzi huwakimbiza kwanza wale waoga na waaminifu, na kuwaachia uwanja wale wenye ngozi ngumu na marafiki wenye vyeo. Hivyo adui anayepigwa hutoka vitani akiwa na nguvu zaidi kuliko alivyoingia.

Kangomba, ambayo ni ununuzi wa korosho kwa kificho nje ya mnada, mara nyingi zao likiwa bado mtini, ni mfano wa ovu linalotibiwa kwa kupiga dalili. Mfumo wa stakabadhi za ghala, uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika katika korosho miaka miwili baadaye, humtaka mkulima apeleke zao katika chama cha msingi, apewe stakabadhi, na asubiri mnada na malipo yake. Mfumo huo umeongeza ushindani na una faida zake za wazi. Lakini mkulima ambaye mtoto wake ana homa mwezi Agosti, au anayetakiwa ada ya shule kabla ya mavuno, hawezi kumlipa mganga kwa matumaini ya mnada wa Oktoba, na mnunuzi wa kangomba ndiye pekee anayefika mlangoni akiwa na fedha. Anachofanya ni kukopesha, kwa riba ya kinyama. Anayemkamata mnunuzi huyo bila kuleta mkopo wa haki mahali pake amemwondolea mgonjwa dawa chungu na kumwacha na ugonjwa wake, kisha asishangae dawa ile ile ikinunuliwa gizani kwa bei kubwa zaidi.

Dawa ya kweli, kwa hiyo, hupatikana kwa kuuliza ni kazi gani ndani ya mnyororo inayolipiwa ghali kupita kiasi, na kwa nini. Kama ni mtaji, benki na vyama vya akiba na mikopo viwezeshwe kupokea stakabadhi ya ghala kama dhamana, na zaidi ya hapo vikopeshe kabla ya mavuno. Kama ni hatari ya kuoza, dawa ni barabara za mashambani, vituo vya kukusanyia vyenye kivuli na ubaridi, na makreti yanayopunguza nyanya zinazopondeka. Kama ni vipimo, Wakala wa Vipimo apewe watu na magari ya kufika minadani, na sheria isiishie kwenye karatasi kama ilivyokuwa kwa kanuni za Kenya za mwaka 2019 kuhusu gunia la viazi la kilo 50, ambazo utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Kama ni njama za bei, vipo vyombo vya kulinda ushindani nchini Tanzania na Kenya, na kazi yao ni hiyo. Na kama ni ushuru, Tanzania ilikwisha kuonyesha njia mwaka 2017 ilipopunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, hatua iliyopunguza pengo kati ya shamba na soko bila kumfukuza mtu yeyote.

Ushirika nao una nafasi yake katika dawa hiyo, mradi ueleweke kwa usahihi. Wakulima wadogo wa chai wa Kenya wanaomiliki viwanda vyao na shirika la kuviendesha, KTDA, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walioanzisha chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, hawakumfuta mtu wa kati. Waliamua kumwajiri na kummiliki. Walijenga vituo vya kukusanyia, waliajiri wapimaji na wahasibu, walitafuta masoko, na walilipa gharama za yote hayo kutoka katika bei ya zao lao. Chama kinachofanya kazi hizo kwa ufanisi kinastahili makato yake, na chama kinachokata fedha za mkulima bila kuzifanya ni mlanguzi mwenye muhuri, hata kama katiba yake imeandikwa kwa lugha ya udugu. Kipimo ni kimoja kwa wote: kazi iliyofanywa, gharama yake, na uhuru wa mkulima wa kwenda kwa mwingine asiporidhika.

Uhuru huo wa mwisho ndio kinga ambayo mkulima amekuwa akinyang'anywa kwa jina la kulindwa. Kila mara alipoachiwa mnunuzi mmoja, awe mamlaka ya zao, awe mfanyabiashara mwenye kibali pekee, au iwe serikali yenyewe, alipoteza uwezo wa kusema hapana, na kwa kuupoteza alipoteza bei. Viongozi wanaotaka kumsaidia na waache kuhesabu wangapi wamesimama kati yake na mlaji, waanze kuhesabu wangapi wanashindana kumhudumia. Maana mkulima mwenye wanunuzi kumi mlangoni hahitaji mtu wa kumtetea, na mwenye mnunuzi mmoja hatatetewa na hotuba yoyote.